Kubadili diski na RAM ndani ya printa ya umbo kubwa: uanzie wapi?

Swali: Mtaalamu, nina printa ya umbo kubwa yenye upana wa inchi 42, niliyoinunua ikiwa imeshatumika kwa miaka mingi. Ndani yake kuna diski ngumu ya zamani ya kebo bapa na RAM ya megabaiti 256. Michoro ya kawaida inachapika vizuri, lakini faili kubwa za PDF huchukua dakika nyingi kabla kichwa cha kuchapia hakijaanza kusogea, na mara nyingine printa ikiwashwa hukwama katikati na kuonyesha msimbo wa hitilafu, hadi niizime na kuiwasha tena. Nataka kuweka SSD (diski ya chipu, isiyo na sahani zinazozunguka) na kuongeza RAM hadi gigabaiti 2. Rafiki yangu ananishauri ning'oe bodi nzima niweke kompyuta ndogo ya kisasa. Nianzie wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, maelezo yako yanaonyesha maradhi mawili yaliyokutana katika mwili mmoja, na ukiyachanganya utatumia fedha kutibu lile lisilouma. Kukwama wakati wa kuwaka, tena kwa kubahatisha, kwa kawaida ni dalili ya diski inayokaribia kufa, na hilo ni jambo la haraka. Kuchelewa kwa faili kubwa ni suala la wingi wa hesabu ambazo kompyuta iliyo ndani ya printa inalazimika kuzifanya, na SSD peke yake haitalimaliza. Kwa hiyo ushauri wangu kwa ufupi ni huu: kabla ya jambo lingine lolote, nakili diski yako biti kwa biti wakati bado inasomeka, kisha iweke nakala hiyo kwenye diski mpya, ongeza RAM kwa kiwango ambacho bodi inakikubali na si zaidi, hesabu nzito zihamishie kwenye kompyuta iliyo nje ya printa, na shauri la kung'oa bodi nzima liache kabisa.

Ili uone kwa nini ninasema hivyo, inafaa kwanza ujue kwamba ndani ya printa ya aina yako mara nyingi kuna kompyuta mbili, si moja. Ya kwanza, ambayo mafundi huiita fomata, ndiyo yenye diski, RAM na tundu la mtandao. Kazi yake ni kupokea faili iliyoandikwa kwa lugha kama PostScript, PDF au HP-GL/2, kuielewa, na kuigeuza kuwa nukta. Ya pili iko kwenye bodi inayoendesha mota, kusoma vihisio na kufyatua matone ya wino. Printa kubeba kompyuta yenye nguvu si jambo la leo: LaserWriter ya Apple ya mwaka 1985 ilikuwa na prosesa ya Motorola 68000 ya megahezi 12 na RAM ya megabaiti 1.5, ilhali Macintosh ya wakati huo, iliyokuwa ikiipelekea kazi za kuchapa, ilikuwa na prosesa ya aina hiyohiyo kwa takriban megahezi 8 tu na RAM ndogo zaidi. Tofauti ni kwamba kompyuta ya mezani hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na ile ya ndani ya printa hubaki kama ilivyotoka kiwandani huku faili zinazoletwa mbele yake zikizidi kunenepa.

Tufanye hesabu pamoja, kwa sababu hesabu hii ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Chukua karatasi ya A0, yenye milimita 841 kwa 1189. Kwa msongamano wa nukta 600 kwa inchi, upande mfupi unabeba nukta zipatazo 19,866 na upande mrefu zipatazo 28,087, ambazo kwa jumla ni nukta karibu milioni 558. Ikiwa kila nukta inaelezwa kwa baiti moja kwa kila wino, na wino ni wa rangi nne, tunapata zaidi ya gigabaiti 2.2 kwa ukurasa mmoja. Hata hesabu ikifika mwisho, pale ambapo kila nukta imebaki na swali moja tu la ama tone lianguke au lisianguke, bado ni takriban megabaiti 279. Wewe una megabaiti 256, na sehemu yake inaliwa na programu dhibiti yenyewe, yaani programu inayoiendesha printa. Hapo ndipo diski inapoingia: ukurasa hukatwa vipande, vipande huandikwa diskini, husomwa tena, huunganishwa, na faili yenye tabaka nyingi za uwazi, yaani zinazoonyesha kilicho chini yake, inaweza kulazimisha mzunguko huo urudiwe mara nyingi. Diski ya printa yako kwa hiyo si ghala la kuwekea kazi zilizokwisha tu, bali ni benchi la kazi, na benchi hilo limekuwa likipigwa kila siku kwa miaka yote hiyo.

Upande wa bodi ya pili mambo ni tofauti. Tuseme keriji inayobeba vichwa inakwenda mita moja kwa sekunde. Kwa nukta 600 kwa inchi inapita juu ya safu zipatazo 23,600 kila sekunde, na kila safu inapewa mikrosekunde 42 tu. Ndani ya muda huo bodi inapaswa kujua keriji iko wapi hasa, kwa kusoma ukanda wa enkoda, yaani ukanda wenye alama za kupimia mahali, na kuamua ni matundu yapi yafyatue. Kompyuta ya kawaida yenye mfumo endeshi wa kawaida haitoi ahadi ya namna hiyo. Ikipata shughuli nyingine inachelewa kidogo, na kuchelewa kidogo hapa ni mstari uliopinda kwenye mchoro.

Sasa unaweza kuliona tatizo la shauri la rafiki yako. Mazungumzo kati ya fomata na bodi ya mota hayachapishwi na watengenezaji, viunganishi vyake ni vya kipekee, na katika printa nyingi kila bodi hutambua mwenzake kabla ya kukubali kufanya kazi. Anayeondoa fomata na kuweka kompyuta nyingine atalazimika ama kuyafumbua mazungumzo hayo kwa kuchunguza ishara moja moja, ama kuachana na bodi zote mbili na kujenga upya udhibiti wa mota, vichwa, pampu ya wino na vihisio vya karatasi. Hiyo ni kazi ya kuunda printa mpya ndani ya kabati la printa ya zamani. Kama unaipenda kazi hiyo kwa ajili ya kujifunza, ifanye kwenye mashine ambayo huitegemei. Kwa mashine inayokuingizia riziki, sikushauri.

Kabla hujashika bisibisi, hakikisha kwamba kosa ni la kompyuta kweli, kwa sababu printa ya umbo kubwa ina sehemu kadhaa zinazojifanya kompyuta mbovu. Ukanda wa enkoda uliochafuliwa na ukungu wa wino hufanya keriji ipoteze mahali ilipo, nayo printa huishia kwa msimbo wa hitilafu ambao mtu asiyejua ataulaumu ubao mkuu. Kebo bapa ndefu inayofuata keriji kwenda na kurudi hupata nyufa ndani, na nyufa hizo huonekana tu keriji ikiwa upande mmoja. Jaribio langu la kwanza ni rahisi: ninachomoa kebo ya mtandao, ninaiwasha printa ikiwa peke yake, kisha ninaiamuru ichape ukurasa wake wa ndani wa usanidi. Ikikwama kabla keriji haijasogea hata kidogo, shaka inaelekea kwenye diski, RAM au umeme. Ikikwama keriji ikiwa njiani, tazama kwanza ukanda na kebo. Msimbo wenyewe utafute kwenye kitabu cha mafundi cha modeli yako hasa, kwa kuwa namba moja inaweza kuwa na maana tofauti kati ya modeli mbili za mtengenezaji yuleyule. Kitabu hichohicho kitakuambia kama fomata yako ina nafasi ya diski na RAM au la, na usidhani kwamba printa zinazofanana kwa sura zinafanana ndani: DesignJet 500 na DesignJet 800 za HP zina umbo moja, lakini 800 ilikuja na diski ngumu yake, ilhali 500 ya kawaida haikuelewa hata HP-GL/2 mpaka iongezewe kadi maalumu.

Jambo la usalama sitalirefusha, lakini sitaliruka. Chomoa waya wa umeme ukutani, usiridhike na kuzima swichi, kisha subiri. Ndani ya kitengo cha umeme kuna kapasita kubwa ambayo kwenye umeme wa volti 230 hujazwa hadi volti 325 hivi za mkondo mnyoofu, na inaweza kubaki na chaji baada ya kuzimwa. Kitengo hicho usikifungue kama hujafundishwa. Vaa mkanda wa kuondoa umeme tuli uliounganishwa na fremu ya chuma ya printa. Piga picha kila kiunganishi kabla ya kukichomoa, na skrubu zipange kwa mpangilio ulioutumia kuzitoa, kwa sababu katika mashine hizi skrubu ndefu ikiwekwa mahali pa fupi inaweza kutoboa hadi kwenye bodi iliyo nyuma.

Tufike kwenye diski, ambayo ndiyo roho ya swali lako. Ukiitoa, huenda ukakuta ni ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha pini 44, au ya inchi 3.5 yenye pini 40 na waya wa umeme wa peke yake. Ile ya pini 44 itazame kwa makini kabla hujachomoa chochote. Pini zake ni nyembamba, zimekaribiana kwa milimita 2, kati ya nne za mwisho mbili zinabeba umeme wa volti 5, na pembeni, baada ya nafasi tupu ya jozi moja, kuna pini nyingine nne ambazo si za kebo bali za kuchagua kama diski ni mkuu au mtumwa, yaani ya kwanza au ya pili kwenye kebo moja. Katikati ya safu kuna pini moja isiyokuwepo, nayo ni alama ya kukuzuia usigeuze kebo. Kosa linaloua diski nyingi mikononi mwa mafundi ni kurudisha kebo ikiwa imeruka jozi moja: inaingia vizuri, inashika, haikuonyi, na ukiwasha umeme unapita pasipostahili. Waya wa pembeni wenye rangi nyekundu unaelekea pini namba moja. Weka alama ya kalamu kwenye diski na kwenye kebo kabla ya kuvitenganisha.

Diski ikiwa mkononi, usiichomeke kwenye kompyuta yenye Windows kisha ukabonyeza kila unachoulizwa. Mfumo wa faili ndani ya diski ya printa mara nyingi haujulikani kwa Windows, na itakuuliza kama unataka kuiandaa au kuifomati. Ukikubali, umeandika juu ya sehemu muhimu kuliko zote, yaani mwanzo wa diski. Tumia Linux, zuia diski isijifungue yenyewe, na soma kwanza taarifa za SMART, yaani rekodi ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake, kwa programu ya smartctl. Vipimo ninavyovitazama ni viwili: namba 5, idadi ya sekta zilizokwisha kuhamishwa, na namba 197, idadi ya sekta zinazosubiri kuamuliwa. Ikiwa 197 si sufuri, umepata sababu ya printa kukwama: programu dhibiti inajaribu kusoma sekta ambayo diski inaing'ang'ania, muda unakwisha, msimbo unatokea. Siku nyingine diski inafaulu kuisoma baada ya majaribio kadhaa, na printa inawaka kana kwamba hapakuwa na tatizo. Hicho ndicho unachokieleza kwenye swali lako.

Kunakili tumia GNU ddrescue, wala si dd ya kawaida. Dd inayosoma kutoka mwanzo hadi mwisho itasimama kwenye sekta mbovu ya kwanza, au itaikwangua diski dhaifu mahali pamoja hadi ife kabla haijatoa mengine. Ddrescue huchukua kwanza maeneo yanayosomeka kwa urahisi, huyaruka mabovu, huandika kwenye faili ya ramani ni wapi imefika, kisha hurudi kwenye sehemu ngumu kidogo kidogo. Ukikatiza na kuanza tena kesho, itaendelea ilipoishia. Nakala iandike kwenye faili, kisha kutoka kwenye faili hiyo ndipo uandike diski mpya. Kwa njia hiyo, diski mpya ikikataa, hutalazimika kumwamsha mgonjwa mara ya pili. Mwishoni utaona ni baiti ngapi hazikupatikana. Zikiwa chache, zinaweza kuwa zimeangukia eneo la kazi za muda, na printa haitazijutia. Zikiwa zimeangukia kwenye programu yenyewe, utahitaji kusakinisha upya programu dhibiti kutoka kwa mtengenezaji. Kuna printa zinazoweza kujijengea kila kitu kwenye diski tupu, na kuna zisizoweza, kwa hiyo usijaribu diski tupu kabla ya kuwa na nakala.

Kuna kizuizi kimoja kinachowashangaza wengi. Viwango vya ATA, yaani kanuni za mazungumzo kati ya diski na kompyuta, vinaruhusu diski ifungwe kwa nywila, na baadhi ya watengenezaji wa printa huitumia nafasi hiyo. Diski iliyofungwa hujitambulisha vizuri, hutaja ukubwa na modeli yake, lakini kila sekta unayoiomba inarudishwa kama kosa, na fundi asiyejua huamini kwamba diski nzima imeharibika. Amri ya hdparm yenye alama ya I kubwa itakuonyesha kama ulinzi umewashwa. Adapta za USB huficha taarifa hii mara nyingi, na ndiyo sababu mimi bado ninahifadhi kompyuta ya zamani yenye kiunganishi halisi cha IDE (kiitwacho pia PATA), kile cha kebo bapa kama ya diski yako, kwa kazi hii tu. Ukikuta diski imefungwa, au imesimbwa kama ilivyo katika printa nyingi za baadaye, nakala ya biti haitakufaa. Njia iliyobaki ni diski au fomata iliyoandaliwa na mtengenezaji.

Ikiwa diski yako haikufungwa, swali linalofuata ni uweke nini badala yake. SSD iliyotengenezwa kwa PATA, hasa zile za viwandani, ndiyo chaguo langu la kwanza, kwa kuwa haina kipande cha katikati cha kutafsiri. SSD ya SATA, yaani yenye kiunganishi cha kizazi kilichofuata, pamoja na adapta ya kugeuza kuwa IDE hufanya kazi pia, lakini adapta ni sehemu ya ziada inayoweza kufa na inayohitaji nafasi na kushikizwa vizuri ndani ya mashine inayotikisika siku nzima. Kadi ya CompactFlash inaweza kuzungumza IDE moja kwa moja kupitia adapta rahisi sana. Hata hivyo, kadi nyingi hujitangaza kuwa diski ya kuondolewa na si ya kudumu, programu dhibiti nyingine zikaikataa, na kadi za kamera hazikuundwa kuandikwa mfululizo kama benchi la kazi nililolieleza juu.

Kuhusu ukubwa, usivutiwe na gigabaiti. Vidhibiti vya zamani vinavyotumia anwani za biti 28 havioni zaidi ya gigabaiti 137, na programu dhibiti haitatumia nafasi iliyo nje ya sehemu zilizogawanywa tangu mwanzo. Lakini diski iwe kubwa kuliko ile ya zamani hata kama nafasi ya ziada haitagawanywa: printa ya zamani haiwezi kuiambia SSD ni vipande vipi havitumiki tena, na eneo ambalo halijaguswa kamwe huipa SSD mahali pa kuzungushia uandishi ili chipu zisichakae upande mmoja. Hakikisha pia kwamba mpangilio wa mkuu au mtumwa unafanana na wa diski ya zamani.

Ukishaiweka, utaona mabadiliko wapi? Printa itawaka kwa muda mfupi zaidi, foleni ya kazi haitagugumia, na kurasa zinazosubiri diski zitaharakishwa. Kurasa zinazosubiri prosesa zitabaki kama zilivyokuwa. Ninalisema hili wazi kwa sababu wapo wanaonunua SSD wakitarajia printa mpya.

RAM ni habari nyingine yenye mitego yake. Kabla ya yote, tambua aina iliyomo kwa kusoma lebo na kutazama mkato wa kiunganishi. SDRAM ya zamani inatumia volti 3.3, DDR volti 2.5, DDR2 volti 1.8 na DDR3 volti 1.5, kadi ndogo za DDR na DDR2 zote zina pini 200 na hutofautishwa na mkato uliosogea kidogo tu, kwa hiyo kadi isiyoingia kwa kidole usiisukume. Pia zipo printa zinazotumia kadi za pini 100, ambazo hazionekani kwenye kompyuta za mezani. Kisha kuna suala la msongamano wa chipu. Kadi mbili zenye megabaiti 256 zinaweza kuwa zimejengwa moja kwa chipu nyingi ndogo na nyingine kwa chipu chache kubwa, na kidhibiti cha fomata kisichokuwa na njia za kutosha za anwani kitaiona ile ya pili kama nusu ya ukubwa wake, au hakitaiona kabisa. Ndiyo sababu gigabaiti 2 unazozitaka si jambo la kuchagua kwa hamu. Kama kitabu cha mafundi kinasema kiwango cha juu ni megabaiti 512, weka 512. Baada ya kuweka, chapa ukurasa wa usanidi uone printa yenyewe inataja kiasi gani, halafu itume faili nzito mara kadhaa mfululizo, kwa kuwa RAM isiyoelewana na bodi mara nyingi huonyesha ubaya wake ikishapata joto. Ongezeko la kutoka 256 hadi 512 katika printa inayoliruhusu ni la maana: kwa hesabu ya A0 tuliyoifanya, ukurasa wote wa biti moja kwa wino nne sasa unaenea ndani ya RAM, na safari za diskini zinapungua.

Ukiwa umeifungua, tazama kapasita za bodi. Ile nzima ina kichwa bapa kama sarafu; iliyochoka huvimba juu kama mkate uliochachuka, au huacha doa la kahawia miguuni. Pima volti za 5 na 3.3 kwa multimita wakati printa inawaka, kwa sababu volti inayoshuka kwa muda mfupi hufanana kabisa na diski mbovu, nawe unaweza kubadili diski tatu bila mafanikio. Safisha feni na matundu yake. Betri ndogo ya duara ya volti 3, kama ipo, ibadili, lakini soma kwanza kama inahifadhi saa tu au na mipangilio pia.

Onyo ninalolitilia mkazo kuliko yote ni hili: usibadili vitu viwili kwa siku moja. Katika printa nyingi namba ya utambulisho, usawazishaji wa vichwa, mwendo wa karatasi na kumbukumbu za matumizi huhifadhiwa mahali pawili, kwenye bodi na kwenye diski au fomata, ili sehemu moja ikibadilishwa ijazwe kutoka kwa nyingine. Miaka iliyopita nilitengeneza printa ya ofisi moja ya wasanifu majengo, nikabadili bodi na diski mchana uleule kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kuirudisha kazini. Ilipowaka haikujua namba yake, wala upana wake, wala ni kiasi gani karatasi inateleza katika kila hatua. Mistari iliyopaswa kuwa na urefu wa mita moja ilitoka pungufu, na katika ramani ya ujenzi upungufu wa milimita chache si jambo dogo. Nilitumia siku mbili kurudisha kwa mkono kile ambacho mashine ingejirudishia yenyewe kama ningeiwasha mara moja kati ya mabadiliko hayo mawili. Badili diski, washa, chapa ukurasa wa usanidi, ihifadhi karatasi hiyo. Kisha siku nyingine badili RAM.

Sasa turudi kwenye PDF zako zinazochelewa, kwa sababu hapa ndipo utakapopata faida kubwa zaidi kwa kazi ndogo zaidi. Kompyuta yoyote ya mezani ya miaka hii ina nguvu mara nyingi kuliko fomata yako. Iache ifanye kazi ya kuielewa PDF na kuigeuza kuwa picha ya nukta, ama kwa programu ya RIP, ama kwa Ghostscript ambayo ni ya bure, ama kwa kuchagua ndani ya draiva chaguo la kuchakata kazi kwenye kompyuta badala ya kwenye printa. Printa inabaki kupokea nukta na kuzichapa, kazi ambayo bado inaiweza vizuri. Kabla ya kutuma, yeyusha tabaka za uwazi na upunguze picha zilizobandikwa kwa msongamano usioonekana kwa jicho. Picha ya nukta 1,200 kwa inchi ndani ya bango linalotazamwa kwa umbali wa mita mbili ni mzigo mtupu.

Angalia tu kwamba mzigo umehama, haukutoweka: sasa njia ya mtandao ndiyo inayobeba. Ukurasa wa A0 wa nukta 300 kwa inchi na rangi tatu za baiti moja moja, bila kubanwa, ni takriban megabaiti 418. Kwa mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde, ambao kwa hali bora unapitisha megabaiti 12.5 kila sekunde, ni nusu dakika na zaidi kidogo. Mtandao ukishuka hadi megabiti 10, kwa sababu ya kebo mbovu au swichi ya zamani, ni zaidi ya dakika tano na nusu. Nimewahi kukuta printa iliyolaumiwa kwa uzee, kumbe kebo ya ukutani ilikuwa imebanwa na mguu wa meza. Na kwa kuwa programu dhibiti ya printa ya miaka hiyo haipati tena marekebisho ya usalama, iweke kwenye mtandao wake wa ndani, ifikiwe na kompyuta moja inayoipelekea kazi, na lango la 9100, ambalo printa hupokelea kazi kwenye mtandao, lisionekane kamwe kutoka kwenye intaneti.

Diski ya zamani usiitupe siku hiyo. Iandike tarehe na modeli ya printa, iweke kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli pamoja na nakala ya faili ya ddrescue mahali pengine, uipe printa mwezi mmoja au miwili ya kazi za kawaida. Baada ya hapo iharibu kwa uangalifu, kwa kuwa ndani yake mna mabaki ya michoro ya kila aliyewahi kuitumia printa hiyo kabla yako: ramani za nyumba za watu, mipaka ya viwanja, mabango ya biashara. Kama bado inakubali kuandikwa, ijaze sufuri kutoka mwanzo hadi mwisho. Kama haikubali tena, fungua kifuniko, toa sahani zake, na uzikwaruze au uzivunje kabla hujazipeleka kwenye taka za elektroniki.